Mjusi Diwani na Ngoma ya Baba

Jumatatu, 1 Julai 1968. Didia.
Zimebaki siku sita. Jumapili ni Sabasaba, sisi wacheza ngoma wa Bagalu tunashindana tena na wale wa Bagika uwanja wa shule, na anayevuta watazamaji wengi ndiye mshindi. Mwaka juzi tulishindwa. Mwaka jana tulishindwa. Watazamaji wote walituhama wakaenda kumwangalia shemeji yangu Bujiku wa Bagika na chatu wake shingoni. Chatu mzee, mvivu, sidhani hata ana meno. Leo wazee wa ngoma wameniita. Wamesema nikishindwa mara ya tatu, ngoma kubwa niliyoachiwa na marehemu baba inakwenda kwa Pantaleo, mpigaji wangu. Pantaleo alikuwepo. Aliinama kwa adabu, lakini meno niliyaona.

Jioni nikaenda kukaa nyuma ya nyumba na uchungu wangu. Mjusi mkubwa wa kichwa chekundu kapanda jiwe mbele yangu. Kichwa juu, chini, juu, chini. Huko kwa Pantaleo ngoma ilikuwa inalia. Mjusi anacheza!

Jumanne, 2 Julai.
Nimemnasa kwa kitanzi cha singa za mkia wa ng'ombe. Kaniuma kidole. Nimempa jina Diwani, maana kila unalomwambia anakubali kwa kichwa.

Nimemuuliza Mwalimu Athanas, anayefundisha sayansi, mjusi anafugwaje. Akasema mjusi hana joto lake mwenyewe. Nimpe sanduku lenye mchanga, jiwe la kuotea, upande mmoja joto na upande mmoja kivuli, na panzi walio hai. Hadi hapo sawa. Kisha akaharibu. Eti dume huinua kichwa vile akiona dume mwenzake, kumtisha tu, na ngoma haijui wala haimhusu. Walimu wana wivu sana.

Jumatano, 3 Julai.
Sanduku la majani ya chai nimepewa dukani. Mchanga upo. Kimebaki kioo cha mbele, ili watu waone. Nyamizi, mke wangu, alipokwenda kisimani nikang'oa kioo cha kabati lake la vyombo. Kimeenea kama kilikatwa kwa ajili hiyo.

Diwani alipotia mguu tu ndani akakikabili kile kioo akacheza mpaka machozi yakanitoka. Ngoma haikuwepo kabisa. Maana yake anayo kichwani.

Nyamizi aliporudi akauliza kabati limefanya nini. Nikamwambia vikombe vinahitaji hewa. Akaanza kuvihesabu. Mke akihesabu ujue ameelewa.

Alhamisi, 4 Julai.
Asubuhi baridi kali. Diwani mweusi kama mkaa, hatikisiki. Nikakumbuka joto. Jiwe gani linatunza joto kuliko figa? Nikachukua moja jikoni, bado la moto, nikaliweka sandukuni. Diwani akafufuka.

Mchana Nyamizi akainjika chungu cha uji bila kutazama. Uji wote majivuni. Akaja nje na mwiko, akaniuliza kama kwetu hawakunifundisha kwamba figa moja haliinjiki chungu. Nikamjibu kwa upole kwamba methali inasema figa moja, na mimi nimemwachia mawili.

Amekwenda kwa kaka yake. Ndiyo, kwa Bujiku. Kuku amewaacha.

Kisha nikawaza: kama joto upande mmoja ni zuri, pande zote mbili si zaidi? Nikaleta figa la pili. Diwani akaachama, akalala chali. Nikammwagia maji yote ya mtungi. Amepona. Nimelala na kiu.

Jumamosi, 6 Julai.
Siku ya pili nala viazi vibichi. Figa moja kweli halifai kitu.

Bujiku kapita. Nikamwamkia, shikamoo shemeji, ni mkubwa kwangu. Akaitikia vizuri, akasema dada yake hajambo ila hataki kusikia jina langu. Akauliza sandukuni kuna nini. Nikasema mbegu za pamba. Yeye alikuwa ameshika kofia yake ya manyoya, anaishonea vipande vya kioo kuizunguka yote ili ing'ae juani. Nilicheka kimoyomoyo. Mtu mzima anajipamba kama bi harusi! Chatu wake amekwisha, hana pa kushika.

Jumapili, 7 Julai.


Uwanja ulijaa. Watu waligawanyika nusu kwa nusu, na wengi walikuwa wanakuja kwangu kuona sanduku. Nikaondoa kioo ili Diwani aonekane vizuri zaidi. Nikampa Pantaleo ishara. Ngoma ikalia.

Diwani akakaa. Nikamwimbia. Nikamchezea mimi mwenyewe, kichwa juu, chini, nikiwa nimepiga magoti mchangani. Watoto wa shule wakaniiga.

Ndipo Bujiku akatoka na kofia yake, jua likampiga. Diwani akaruka. Akakata uwanja mzima mbio, akapanda mguu wa Bujiku, tumbo, chatu, bega, mpaka kofiani. Akasimama mbele ya vile vioo akacheza kama hajawahi kucheza duniani. Umati wote ukahama kwa kelele. Pantaleo naye akahama, na ngoma, akampigia Diwani kule kule. Wazee wakasema basi, ngoma ibaki huko huko mikononi mwa Pantaleo.

Nyamizi alikuwa mstari wa mbele, anapiga vigelegele.

Nilibaki mimi na sanduku. Ile ngoma baba alinifundisha kuipiga nikiwa nimekaa mapajani mwake. Nimelia, na sikujificha.

Jumatatu, 8 Julai.
Mwalimu Athanas alikuja kunipa pole. Kanieleza tena taratibu: Diwani aliona dume mwenzake kwenye vioo, kwangu na kwa Bujiku. Akauliza kama sasa nimeelewa. Nikasema nimeelewa kabisa.

Nimeelewa. Mjusi ni mdogo mno. Kofiani anapanda kila kitu kidogo. Kenge je? Kuna mmoja kule mtoni, urefu wa mtu. Nani atamvaa huyo kichwani? Mwakani ngoma ya baba inarudi nyumbani.

Mwalimu anasema kenge hula mayai. Nyamizi ana kuku kumi na mmoja, wote wanataga. Ametuma salamu kwamba kesho anarudi, ila akute mafiga matatu jikoni na kioo mahali pake. Vyote nimevirudisha, mimi si mtu mbaya. Kioo kimekaa vizuri sana kwenye kabati. Na kabati lenyewe, nimelipima, kenge anaenea.

Vyombo nimevipanga kitandani, upande wake.