Dionis na Kofia ya Waya

Katika kijiji kizima cha Kikole hapakuwa na mtu aliyeujua ubongo kama Dionis, na habari hiyo ilitoka kwa Dionis mwenyewe. Alikuja likizo ya Krismasi amevaa koti jeupe la maabara, jua la saa saba hilo, akawaeleza watu waliokuwa wakibangua korosho nyumbani kwao kwamba kule Taasisi ya Ubongo, Mitwero, akitoka mkurugenzi anafuata yeye.

Kati yake na mkurugenzi walikuwepo wakuu wa vitengo watatu, watafiti kumi na mmoja, wanafunzi wa uzamivu, mafundi wa maabara na mlinzi wa getini. Naam, hata mlinzi alikuwa juu yake, maana mlinzi alikabidhiwa ufunguo wa chumba cha panya na Dionis akanyimwa.

Yeye alikuwa mwanafunzi wa uzamili, mwaka wa kwanza, na pale taasisini mwanafunzi mpya hajichagulii pa kukaa. Anazungushwa. Miezi mitatu kitengo cha panya, miezi mitatu kitengo cha mawimbi ya ubongo, miezi mitatu kitengo cha jamii. Akimaliza mzunguko, wakuu wa vitengo wanakaa kuulizana nani anamtaka. Asipopata wa kumtaka, anashukuriwa na kuonyeshwa njia ya stendi.

Kitengo cha panya kilimpa kovu la kidole gumba na sifa ya kupiga kelele. Kwenye mawimbi alipokelewa na Bi Kidawa, fundi wa maabara, aliyemfundisha kazi ya kofia ya waya. Ni kofia laini kama ya muogeleaji, ina vidude thelathini na viwili, na kila kidude kinawekewa jeli ili kiguse ngozi ya kichwa na kunasa umeme mdogo wa ubongo. Ngozi, si nywele. Bi Kidawa alilirudia hilo kila siku kama mtu anayesomesha watoto. Dionis alikuwa akiitikia huku anachati.

Ndiyo maana likizo ile, pale Kikole, Mama Romana, mkulima wa korosho na jirani yao, alipomuuliza kazi yake hasa ni ipi, Dionis alimjibu kwamba mambo yale ni mazito, mama asingeyaelewa, na Kiswahili chenyewe hakina maneno yake. Mama Romana akasema haya, akaendelea kubangua.

Zamu ya kitengo cha jamii ilipofika, mkuu wake, Dokta Agnes, alimtaka abuni utafiti mdogo wa kwake. Dionis akaandika kwamba atawachukua wanawake arobaini wa Kikole, wakulima wa korosho, awavalishe kofia, awasomee maneno ishirini, kisha waseme wanayoyakumbuka huku mashine ikichora mawimbi. Fomu ya ridhaa, yaani ile ya mtu kukubali kushiriki, ilikuwa kurasa tisa za Kiingereza. Dokta Agnes akamwambia aifupishe na aitie Kiswahili. Alirudi na kurasa kumi na moja za Kiswahili kinachohitaji mkalimani. Dokta akaitazama, akamtazama, akasema ipelekwe kamati ya maadili hivyo hivyo. Dionis akajua ameshinda.

Hakuna utafiti wa taasisi unaoingia kijijini bila kupita kwenye kamati hiyo. Ndani yake mna daktari, mwanasheria, sheikh, mtu wa takwimu, na kwa mujibu wa kanuni, mtu mmoja asiye msomi, aletwe kutoka vijijini ili awasemee wanaofanyiwa utafiti. Dionis aliifahamu kanuni hiyo vizuri, na aliwahi hata kuicheka. Siku ya siku akaingia na tai nyekundu na nywele zake za msokoto alizoziotesha mwaka mzima, akainua macho, na mwisho wa meza akamwona Mama Romana.

Alimwamkia kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua. Mama Romana akaitikia marahaba, akaweka miwani, akafungua fomu.

"Mwanangu, nimesoma mpaka ukurasa wa nne. Mpaka hapo nimeshakubali nini?"

Dionis alianza kueleza. Katika kila maneno matano, manne yalikuwa ya Kiingereza na la tano lilikuwa "yaani". Mwenyekiti akamwomba aseme kama anavyosema nyumbani. Dionis akasimama pale akiutafuta ubongo kwa Kiswahili asiupate.

Mama Romana akamwonea huruma, akahamia swali la pili. Alivua kitambaa chake, chini yake mna msuko wa twende kilioni uliobanwa barabara, akauliza hiyo kofia itaipataje ngozi. Wanawake wa Kikole karibu wote wamesuka.

Hapo Dionis angeweza kusema hakulifikiria hilo. Badala yake alisema kofia ni ya kisasa na inapenya nywele za aina yoyote. Bi Kidawa, aliyekaa nyuma na mashine yake, akakohoa.

Kamati ikataka kuona. Mama Romana alikataa kuvalishwa, na kukataa ni haki yake, imeandikwa ukurasa wa tisa. Ukiacha kichwa chake, chenye nywele nyingi mle ndani kilikuwa kimoja tu. Dionis akakaa kwenye kiti. Bi Kidawa akamvalisha, na kofia ikakaa juu ya misokoto kama mfuniko kwenye sufuria iliyojaa kupita kiasi. Jeli ikamiminwa, ikamezwa na nywele, ikamiminwa tena. Kwenye skrini mistari thelathini na miwili ikanyooka kama ya daftari jipya.

Daktari wa kamati akaisogelea, akasema kwa upole kwamba kwa ushahidi huu mtafiti amefariki zamani kidogo.

Wakaona basi ajaribu maneno angalau. Mama Romana akamsomea yote ishirini taratibu. Dionis alikumbuka matatu, moja halikuwemo.

Hawakumfukuza. Walimrudishia kazi yake na masharti. Fomu iwe ukurasa mmoja, na Mama Romana aielewe. Mtu akifumuliwa nywele kwa ajili ya utafiti, asukwe tena kama alivyokuwa, na atakayemsuka ni mwenye utafiti.

Jeli ilikauka, misokoto ikashikana, ikabidi anyolewe kipara. Jumatatu Dokta Agnes akampeleka saluni kwa Fauzia, msusi wa pale pale Mitwero, wiki tatu, na karatasi ya mahudhurio. Siku ya kwanza Dionis alimweleza Fauzia kwamba yeye ni msomi. Fauzia akamwambia kitana hakishikwi hivyo.

Wateja walitaka kujua kijana huyu wa kiume kafuata nini, na kila alipojieleza walimkatiza: umeme gani, unatoka wapi, unauma? Akawa anatafuta neno jepesi, halafu jepesi zaidi. Wiki ya tatu ilipokwisha, fomu ilikuwa ukurasa mmoja, na hakumbuki aliiandika lini.

Mama Romana aliisoma mara mbili, akatia sahihi.

Kule Kikole walihitajika wanawake arobaini. Wakaja sabini, na wengi wao ubongo haukuwapeleka pale; walisikia kuna msusi katoka chuo kikuu. Dionis alisuka siku nne, vidole vimemvimba, kipara kinang'aa, na baba yake, Mzee Xaveri, amesimama pembeni.

Siku ya mwisho mama mmoja aliinuka, akajipapasa kichwa kutoka mbele mpaka kisogoni, akamgeukia mzee.

"Mzee Xaveri, mwanao mkono wake mwepesi. Ila njia za nyuma bado zinakwenda upogo. Mwacheni asome mwaka mwingine."