Hataza ya Kupandisha Ujumbe kwa Mwanzi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye hakuweza kufika lakini kiti chake kimefika. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye yuko njiani tangu jana asubuhi. Waheshimiwa wenyeviti wa mitaa, wa vitongoji, wa vikoba na wa kamati za misiba. Wachungaji, mashehe na wazee wa kanisa mliotuazima viti. Ndugu zangu mawakala wa forodha, mliofunga ofisi kwa heshima yangu na mtakaozifungua mkisikia lori linaunguruma. Madereva mliosimama hapa si kwa hiari bali kwa foleni. Na wageni wetu kutoka Nakonde, mulishani mukwai. (Wazambia wawili: Bwino.) Ambaye sijamtaja ajihesabu katajwa, isipokuwa yule mama wa mstari wa mbele, mwenye kitenge cha kijani, asiyepiga makofi. Huyo nitamtaja kwa wakati wake, na kwa shingo upande. (Makofi. Mama hapigi.)

Ndugu wananchi, anayesimama mbele yenu katika mwaka huu wa 2013 ni Zebedayo Lusungu, Mratibu Mwandamizi wa Mradi wa Mawasiliano Yapandayo, ambaye hakuzaliwa mratibu. Nilianza hapahapa mpakani nikisukuma toroli la kuvushia mizigo, nikapanda nikawa na matoroli manne, nikapanda nikawa na mhuri, na tangu nipate mhuri sijasukuma kitu. (Kicheko.) Nayasema haya kwa sababu wapo wasomi fulani, na nitawafikia, wanaodhani kwamba mtu asiyekuwa na digrii hawezi kuvumbua. Mimi nimevumbua. Nimevumbua kwa kiwango ambacho serikali ililazimika kuniita Dar es Salaam kuniuliza maswali.

Sasa nifafanue, maana naona Katibu wangu Eliudi ananionyesha kwa kidole kwamba hamjaelewa. Simu yako ina safari mbili. Kuna ujumbe unaoshuka kutoka mnarani kuja kwako, huo ni wa kampuni, wahangaike nao wenyewe. Na kuna ujumbe unaopanda kutoka kwako kwenda mnarani, ambao wataalamu tunauita aplinki. Kule bondeni, kupita Ndalambo, wanakoishi wafugaji wetu, aplinki haipandi. Mtu anaandika ujumbe, anabonyeza tuma, simu inajaribu, inajaribu, inakata tamaa. Huo ndio uchungu ulionifanya nisilale, na katika kutolala huko, ndugu zangu, mwaka juzi nikapata wazo.

(Spika: Dawa ya panya, mende, kunguni, viroboto, wote wanakufa...)

Zima hiyo. Mwenye spika, tulikubaliana mpaka saa kumi. Asante. Wazo lenyewe nililiandika katika madai manne, kwa lugha ya kitaalamu kama inavyotakiwa na watu wa hataza, na hataza kwa asiyejua ni haki anayopewa mvumbuzi ili mwingine asiguse alichokivumbua. Nawasomea. Dai la kwanza: mbinu ya kupandisha ujumbe, ambamo simu, ikiwa imekwisha kubonyezwa tuma, inainuliwa juu ya mtumaji kwa kitu kirefu kabla simu tajwa haijakata tamaa. Dai la pili: mbinu ya dai la kwanza, ambamo kitu kirefu tajwa ni mwanzi, bomba, ngazi au mtu mrefu. (Dereva mmoja: Mtu mrefu naye ni mali yako?) Akiinua simu, ndiyo. Dai la tatu: mbinu ya dai la kwanza au la pili, ambamo simu tajwa imo ndani ya chombo. Dai la nne: mbinu yoyote kati ya hizo, ambamo mtumaji tajwa anatazama juu akiwa ameachama mdomo. (Makofi marefu. Wazee wawili wanafunga midomo.)

Hapo ndipo linapoingia suala la mama wa kitenge cha kijani, ambaye jina lake ni Nyanzobe, mke wa mfugaji Makoye, na ambaye wengi mnamwita Mama Shani. Tulipokuwa katika mchakato wa kuwasilisha maombi, iligundulika kwamba Mama Shani, bila kibali, bila semina, bila hata beji, alikuwa na mwanzi wa mita saba aliousafirisha kutoka Ikinga, maana bondeni mianzi haioti, na kwamba juu ya mwanzi huo alikuwa amefunga kibuyu, na ndani ya kibuyu alikuwa anaweka simu za watu, anazipandisha, ujumbe unaenda, anazishusha. Watu wa bonde zima walikuwa wanafanya hivyo kwake kwa miaka sita. Sasa mnaona hatari yake. Mtu anavumbua mwaka juzi, kumbe wenzake wanamwiga miaka minne kabla hajavumbua. (Kicheko nyuma, upande wa malori.)

Nikatoa agizo la muda. Mgambo wakaenda, wakauchukua ule mwanzi pamoja na kibuyu chake, ukaletwa Tunduma kama kielelezo, na nikamwahidi Mama Shani kwa mdomo wangu kwamba atarudishiwa mchakato ukikamilika. Naye akaniambia kwamba mwanzi huo ndio unaoita pikapu ya zahanati mtu akizidiwa, na kwamba binti yake Shani ni mjamzito. Nikamjibu kwamba ujauzito una miezi tisa na mchakato wangu una awamu tatu, kwa hiyo kihesabu mchakato utatangulia. Hiyo ilikuwa miezi saba iliyopita, na nafurahi kuwatangazia kwamba awamu ya kwanza inakaribia.

Na takwimu zipo. Tangu mwanzi uondolewe bondeni, simu za dharura zinazopokelewa zahanati kutoka huko zimepungua kwa asilimia mia moja. Haijaingia hata moja. Kama huo siyo uboreshaji wa afya, nionyesheni mnaouita uboreshaji. (Makofi machache. Mama Shani anajifunga kitenge upya, kwa nguvu.)

Basi nikaitwa Dar es Salaam na watu wa hataza kufanyiwa uchunguzi. Nilikwenda na suti hii, na Eliudi, na nilitegemea kukuta jopo la wazee. Nikakuta binti mmoja tu, anaitwa Conjesta, ana miwani na chai ya tangawizi, na akanikaribisha vizuri kabisa, shikamoo mzee, pole na safari, mpaka nikajua mambo yamekwisha. Akanieleza kwamba kazi yake ni kutazama kama jambo ninalodai lina upya, yaani kama hapajawahi kuwapo ujuzi uliotangulia, mtu mwingine popote kulifanya hadharani kabla sijaleta maombi. Nikamwambia popote ni pakubwa mno, tujadili Mkoa wa Mbeya. Akasema hapana, ni popote.

Akanishangaza jinsi alivyojua habari za mwanzi wa Mama Shani. Kumbe ni mimi niliyeambatanisha picha yake kama mfano wa uvunjaji wa haki zangu. (Kicheko.) Nikamweleza kwamba kuna tofauti kubwa za kiufundi. Wa yule mama ni mwanzi, wangu ni wa alumini. Akauliza uko wapi. Nikasema uko awamu ya pili. Nikasema yeye anatumia kibuyu, mimi natumia chombo cha plastiki chenye mfuniko. Akaandika. Nikasema yeye anapandisha simu bila nadharia, na mimi ninayo nadharia. Akaandika pia, lakini kwa ufupi. Kuhusu dai la nne akakiri kwamba hajawahi kuona mtu mwingine akiliomba popote duniani, na nikamtazama Eliudi kwa ushindi, ila akaongeza kwamba halina faida kwa mtu yeyote.

Bado nilikuwa naongoza. Nikamwambia, binti yangu, huo mwanzi wa bondeni ni maneno ya watu tu, nani mwenye akili timamu amewahi kuutumia ukafanya kazi? Akaweka kalamu chini, akanywa chai, akaniuliza swali la mwisho.

"Mzee Zebedayo, ule ujumbe wa kwanza ulioniomba miadi ya kuleta uvumbuzi, uliutuma ukiwa wapi?"

Sasa ndugu wananchi, mnanijua. Mimi sifichi kazi zangu. Nikamwambia kwa fahari kwamba niliutuma nikiwa kazini, bondeni, mahali ambapo waratibu wengine hawakanyagi. Akauliza, huko ambako aplinki haipandi? Nikasema hukohuko. Akauliza, sasa ujumbe ulipandaje? Eliudi akanikanyaga mguu. Nikamwambia Eliudi aache kunikanyaga. Kisha nikamweleza binti hatua zote, kwa ukamilifu, kama mtaalamu: kwamba nilibonyeza tuma, kwamba Mama Shani aliweka simu kibuyuni, kwamba akainua haraka kabla haijakata tamaa, kwamba mara ya kwanza haikwenda kwa sababu ng'ombe alijikuna kwenye mwanzi, na kwamba mara ya pili ilikwenda vizuri sana, bila chenga yoyote, na kwamba nilitazama juu nikiwa nimeachama.

(Kicheko kirefu. Mzambia mmoja anauliza kumetokea nini, anatafsiriwa, naye anacheka peke yake.)

Chekeni. Lakini tafakarini. Katika historia nzima ya hataza, ni nani mwingine aliyetumika kama mwombaji, kama shahidi, na kama ujuzi uliotangulia, katika kikao kimoja, na akarudishiwa nauli? Maombi yangu hayakukataliwa. Yalikosa upya. Kuna tofauti, na Eliudi amepewa jukumu la kuitafuta.

Kutokuwa na hataza hakuzuii kuzindua. Tumefanya majaribio hapa Tunduma kwa kutumia mwanzi huohuo. Tulituma jumbe tatu, zikafika nne, kwa sababu mmoja ulifika mara mbili. Hiyo ni asilimia mia moja thelathini na tatu nukta tatu, mwenye kalkuleta athibitishe. Zote zilipitia mnara wa upande wa pili, na simu ikaandika karibu Zambia, jambo ambalo wapinzani wangu waliliita kasoro na mimi nimeliingiza katika ripoti kama upanuzi wa kimataifa. (Wazambia wanapiga makofi kwa adabu.)

Kwa hiyo tazameni pale, chini ya kitambaa cheupe, pembeni ya turubai letu. Huo ndio Mtambo wa Kituo cha Mawasiliano Yapandayo. Kituo kitakuwa na ghorofa mbili, ukumbi wa wokshopu, mtandao wa intaneti, maegesho ya malori ishirini na chumba cha mratibu kujitazama. Bondeni tutapeleka mitambo sitini na miwili. Katika kibuyu kilichopo pale juu nimeweka simu yangu mwenyewe, ipokee ujumbe wa pongezi kutoka kwa Mgeni Rasmi, na ukiingia tu mtasikia mlio wake na kitambaa kitavutwa.

Wakati tunausubiri, nitoe shukrani, maana mradi ni wadau. Nashukuru kanisa kwa viti, ambavyo vinatakiwa kesho kwenye kipaimara. Nashukuru kamati ya misiba kwa turubai, na nampa pole marehemu anayelingoja jioni, nitakuwa nimemaliza. Nashukuru mwenye spika ya dawa ya panya. Nashukuru duka la vitambaa kwa kitambaa cheupe, ambacho kisichafuke. Nashukuru aliyetuchorea ramani ya jengo kwa kuiga kalenda ya benki. Na kwa shingo upande, kama nilivyoahidi, namshukuru Mama Shani kwa Mtambo, maana awamu ya pili, ya alumini, imekwama katika kutafuta awamu ya kwanza, na kwa hivyo kilichopo leo kwenye mradi wote, nje ya mimi na Eliudi, ni mwanzi wake. (Minong'ono.) Utarejeshwa, mama. Nimesema utarejeshwa. Kaa.

(Mama Shani hakai. Anatembea hadi kwenye kitambaa cheupe, anakivuta mwenyewe, anakikunja vizuri, anamkabidhi mwenye duka.)

Mama Shani, hatujafikia hapo kwenye ratiba.

(Mama Shani: "Baba, nimekaa tangu asubuhi. Nimekusikiliza na nimekuelewa. Shani sasa hivi yuko mwezi wake, na Makoye hana mabega ya kumbebea mpaka barabarani. Naomba mwanzi wangu." Anapiga magoti kwa heshima, anaanza kufungua kamba.)

Mama, hiyo kamba... Eliudi, ile kamba ya turubai uliifunga wapi? Kwenye Mtambo? Kwa nini kwenye... kwa sababu hatuna nguzo. Nimekuelewa. Mama Shani, ngoja kidogo, hapa chini tumo waheshimiwa kumi na...

(Turubai linashuka. Meza kuu haionekani. Sauti ya mratibu inaendelea, kwa chini kidogo.)

Wananchi, msitaharuki. Kipaza sauti bado ninacho. Mnachokiona, ambacho mimi kwa sasa sikioni, ni utekelezaji. Kwa mara ya kwanza tangu mradi uanze, kifaa kimetoka makao makuu kwenda kwa mlengwa. Niambieni unaelekea wapi. (Dereva: Kapanda nao fuso la ng'ombe linalorudi tupu, njia ya Ndalambo.) Mnaona? Kwa ratiba yetu ungefika huko mwaka 2019. Tumeokoa miaka sita, Eliudi andika. Na tumalizie kwa kaulimbiu ya mradi wetu. Nikisema aplinki, mnasema juu. Aplinki!

(Wananchi: Juu! Wote wamegeuka kutazama mwanzi unavyopita juu ya paa za maduka.)

Aplinki!

(Wananchi: Juu!)

Asanteni sana kwa kunisikiliza, na... ngoja. Nasikia mlio. Ni wa simu yangu, ni pongezi za Mgeni Rasmi zimeingia. Mbona mlio unakwenda mbali? Mama Shani. Mama Shani! Simu yangu imo kibuyuni. Jamani, msimamisheni, simu yangu iko wapi?

(Wananchi: Juu!)