Kituo cha Fremu Zipendezeshazo Uso

Kabla ya itifaki, istilahi. Fremu ya miwani ipendezeshayo uso ni ile ambayo, aliyeivaa akiisha kuondoka, waliobaki huukumbuka uso wake na kuisahau fremu. Tafsiri hii nitairejea. (Makofi, safu ya mbele.)

Mheshimiwa Meya, Mheshimiwa Naibu Meya, anayemwakilisha Meya iwapo Meya atasinzia, Mwenyekiti wa Chama cha Watengeneza Fremu pamoja na watangulizi wake, walio hai na walio makaburini, Mtawa Mkuu wa hekalu la mtaa wa juu, wadau, wabia, na ninyi wananchi mliosimama kwa kuwa viti ni vya wabia: mimi, Shigeno Tadaomi, Mkurugenzi wa Ustawi wa Sura, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu ambao wengi wameusifu, nami sina sababu ya kuwapinga.

Mji wetu huivalisha Japani nzima miwani, ilhali wakazi wake huvaa zile zilizokataliwa na wakaguzi. (Kicheko, miwani kadhaa yavuliwa.) Ndiyo maana, kupitia mchakato shirikishi na upembuzi yakinifu uliopembuliwa upya kila mwaka wa bajeti, tuliasisi Kituo hiki, ambamo kila mzee hupimwa mashavu, paji na mwamba wa pua, kisha uso wa duara ukapewa fremu yenye pembe, na uso wa pembe ukapewa duara. Asilimia tisini na saba ya waliohojiwa wameridhika. Waliosalia waliuliza Kituo kiko wapi. (Minong'ono.)

(Bi Kuranishi Hatsue, mjane wa fundi wa fremu, kutoka nyuma: “Bwana Mkurugenzi, mpiga picha wangu anakuja kesho. Ni ile picha ya mazishi yangu, itakayokaa madhabahuni pale nyumbani nikishakufa. Jenezani miwani hairuhusiwi, maana maiti huchomwa na chuma hakiungui. Basi kwenye picha nivae ipi?”

Jirani yake: “Si uvae ile aliyokutengenezea marehemu?”

“Ile inanifanya bundi. Alinicheka maisha yake yote, sasa niwaachie na wajukuu wanicheke?” Kicheko kirefu.)

Hoja ya Bi Kuranishi tumeipokea. Alipojiandikisha, uso wake ulikuwa wa duara. Kwa kungoja, umerefuka, na uso mrefu hukubali fremu nyingi zaidi. Huo nao ni utekelezaji. (Makofi, safu ya mbele. Meya azinduka, apiga makofi.)

Semeni nami: Sura yako, dhamana yetu! (Sauti chache.) Fremu sahihi, taifa sahihi! (Sauti moja.)

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru mwenye kiwanja, ambaye bado hatujamwendea; msanifu wa jengo, pindi atakapoteuliwa; na wapimaji wa nyuso, ambao wangekuwa nasi hapa leo kama wangekuwa popote. (Watu watazamana.) Msifadhaike, rejeeni tafsiri. Fremu iliyotimia hakuna aikumbukaye. Kituo chetu hakuna awezaye kukikumbuka, maana hakuna aliyekiona. Kwa kipimo tulichokubaliana, basi, kimetimia.

(Bi Kuranishi, akiifuta miwani yake kwa upindo wa mkono wa kimono: “Sawa, mwanangu. Fremu hujificha ili uso uonekane. Hicho kituo chenu kimejificha ili uonekane uso wa nani?”)