Kipimo cha Karama

Obed alikuwa kwenye kibanda cha chai pale Makandana, akisubiri mvua ikatike na akili ije, alipowasikia wanawake wawili meza ya pili wakilalamika. Kanisani kwao Kyimo kila mtu anadai kapewa unabii, na hakuna anayejua nani kapewa kweli.

"Laiti kungekuwa na kipimo," mmoja akasema, "kama cha malaria."

Obed akaweka kikombe chini. Wengine wakiitwa na Mungu husikia sauti kutoka mbinguni; yeye alisikia hiyo, ikamtosha.

Kesho yake alikwenda Mbeya mjini akanunua kile kidude cha kubana kidoleni, chenye taa nyekundu na namba. Wauguzi hukitumia kupima hewa iliyomo kwenye damu. Obed aliona hakuna ubaya kikipima na Roho Mtakatifu. Akachora jedwali kwenye karatasi ngumu: tisini na tano, huduma; tisini na sita, uponyaji; tisini na saba, unabii; tisini na nane, utume. Watu wazima wenye afya zao karibu wote huangukia humo humo, kwa hiyo hakuna ambaye angetoka mikono mitupu, ingawa kila mmoja angeingia na kuku.

Mchungaji wa Kyimo alikuwa safarini. Kanisa aliachiwa mzee Jotham, mwenye shamba la chai na ng'ombe saba wa maziwa. Jotham alitaka unabii kuliko alivyotaka mbingu. Ndugu zake walikuwa wamegoma kumwachia shamba la marehemu baba yao, na nabii akisema "Bwana amenionyesha," nani atabisha? Obed akamfuata nyumbani kwake, akajiita mtumishi wa Mungu, akampima pembeni ya zizi. Ikasoma tisini na sita.

"Mponyaji," Obed akatangaza.

"Nimponye nani? Mimi nataka unabii."

"Tata, imebaki namba moja tu. Hiyo huja kwa sadaka inayouma."

"Inayouma kiasi gani?"

Obed akachungulia zizini. "Yule mtamba mwenye mimba ananiuma hata mimi."

Wakakubaliana Jumapili, mbele ya waumini. Usiombe kujua Obed alivyolala wiki hiyo. Alikuwa na miaka thelathini na minne na hajawahi kumiliki kitu kisichoingia kwenye begi. Mtamba yule angemtoa kwenye chumba cha kupanga na kumfungulia duka la vipodozi lenye jina lake ukutani.

Jumapili uwanja wa kanisa ulijaa mikungu ya ndizi, maparachichi na kuku waliofungwa miguu. Watu walijipanga kwenye manyunyu, wakatoka mitume na manabii. Akafika Anyitike, mjane aliyefagia kanisa lile miaka ishirini, na kuku wake wa pekee. Tisini na tano.

"Huduma," Obed akasema bila kumtazama. "Endelea kufagia, mama. Anayefuata!"

Anyitike akafuta machozi kwa ncha ya kanga akaenda kukaa nyuma. Pale Obed alikosea, kwa sababu aliyekaa naye benchi moja alikuwa shoga yake, Veronika, muuguzi mstaafu aliyetumikia hospitali ya Igogwe miaka thelathini. Veronika alikuwa hajasema neno tangu asubuhi. Muuguzi akinyamaza, mgonjwa ajiangalie.

Jotham akaleta mtamba. Obed akamtangaza nabii, akaipokea kamba, akaizungusha mkononi mara mbili.

"Wapendwa! Karama usipoitumia siku uliyofunuliwa, Bwana anampa mwingine! Aleluya?"

"Amina!"

Veronika akasimama. "Mtumishi, na wewe umeshapimwa?"

Obed alitabasamu. Mapafu yake hayakuwa na kasoro hata moja. Akatia kidole mwenyewe. "Tisini na nane! Mtume!"

Veronika akavaa miwani, akainama. "Ya juu tumeielewa. Na hii ya chini?"

Ilikuwepo ya chini. Hakuna aliyewahi kumuuliza. "Hiyo... ni ya kiwandani tu, mama."

"Kiwanda hakiweki namba ya bure." Akawageukia watu. "Wapendwa, ya juu ni karama, ya chini ni wito. Wangu ulikuwa sabini. Wa mtumishi ni mia na thelathini, na unapanda! Huu ni wito wa kukirimu. Miaka thelathini sijauona mkubwa hivi!"

Obed akapiga hesabu haraka. Akisema kidude kinadanganya, ndizi zote zitarudi kwa wenyewe, pengine na fimbo juu. Akisema ni kweli, mtamba ndiye huyo anakwenda.

"Mia na arobaini!" Veronika akapaza sauti. Watu wakapiga vigelegele. "Na ametufundisha sasa hivi, karama isipotumika leo inahama. Mtumishi, Bwana anasema umpe nani huyo mtamba?"

Veronika alikuwa anamtazama Anyitike. Uwanja mzima ukamtazama Anyitike.

"Ngojeni!" Jotham akaruka. "Mimi ni nabii! Naona... naona ng'ombe akirudi zizini kwa mwenyewe."

"Tukupime tena, nabii," Veronika akasema kwa upole, akakitoa kidude kidoleni mwa Obed akambana nacho Jotham.

Vidole vya Jotham vilikuwa vimelowa na kuganda kwa baridi. Kidude kikawaka, kikatafuta, kikaleta vistari viwili basi.

"Bwana hana neno," Veronika akasema.

Obed akafungua kamba mkononi, akampa Anyitike.

"Ndaga fijo, mtumishi," mjane akamshukuru akilia, akamkumbatia mbele ya watu. Ni aibu kusema, lakini Obed alifurahi. Alifurahi kwa dhati, kama nusu dakika hivi, mpaka akakumbuka duka.

Watu nao wakamsaidia kukirimu mikungu na kuku, kila mtu akaondoka na wake. Obed akabaki na begi. Njiani kuelekea lami, Veronika akamfikia.

"Mama, nirudishie kipimo changu."

"Hiki nakaa nacho, kina kazi. Wewe kesho asubuhi nenda zahanati."

"Nikafanye nini?"

"Ile namba ya chini ni mapigo ya moyo, mwanangu. Mia na arobaini, na ulikuwa umesimama tu."

Akageuka akaenda zake. Obed, ambaye hakuwahi kuamini neno moja la kidude kile, akashuka polepole kuelekea barabarani, vidole viwili kwenye mshipa wa mkono, akihesabu.