Jedwali Moja, Mifumo Mitatu

Jumatatu, 3 Machi

"Kila mfumo una namna yake ya kuulizwa, ukiuuliza vibaya, utakujibu vibaya." Kayasema hayo Shemeji mkutanoni leo, mbele ya Mkurugenzi, kwa sauti ya mtu anayefundisha watoto kunawa mikono. Upuuzi mtupu! Jedwali la njia za mtandao ni orodha tu. Kila kompyuta inayo: ukitaka kwenda kule, tokea mlango huu. Nimesoma falsafa, nimesoma historia za dola zilizoanguka, sijaona orodha inayodai kubembelezwa.

Mkurugenzi anataka programu moja ya kusoma majedwali ya kompyuta zote za nyumba yetu ya uchapishaji. Tatizo, mifumo endeshi tunayo mitatu: wahasibu na wao, wachora majalada na wao, seva na wao. Ijumaa tunamwonyesha, mimi na Shemeji. Atakayefaulu ndiye mkuu mpya wa kitengo cha mtandao. Nafasi hiyo nimeingoja miaka kumi na sita! Shemeji ana minne, na aliyemwingiza kazini ni mimi, dada yake, mke wangu, aliponisihi. Fadhila ya punda.

Jumanne, 4 Machi

Nimemaliza. Mistari arobaini! Programu inaiamuru kompyuta ichapishe jedwali lake kwenye skrini, kisha inachukua kilichoandikwa safu ya pili. Safu ya pili ndiyo mlango. Nimeijaribu kwenye seva zote. Haikukosea hata moja.

Nikachungulia meza ya Shemeji. Anaandika vipande vitatu, kila mfumo na chake, kila kimoja kikiuuliza mfumo wenyewe kwa ndani, halafu majibu yote yatoke kwa umbo moja. Vipande vitatu kwa kazi moja! Nikamwambia mbele za watu kwamba hiyo si programu, ni ukewenza. Akacheka, akaendelea kusoma mwongozo. Hapa kazini hawakumpa jina la Taratibu bure.

Jumatano, 5 Machi

Aibu. Si yangu, lakini aibu.

Asubuhi nikaiendesha kwa wahasibu. Kompyuta kumi na tisa, zote jibu moja: mlango 0.0.0.0. Yaani hakuna mlango! Yaani ghorofa nzima imekatika na hakuna aliyejua ila mimi. Nikawaandikia wafanyakazi wote barua pepe kali: wahasibu hawana mtandao, muda usiojulikana, nani alilala kazini?

Dakika tano hazikupita, Mhasibu Mkuu akateremka ngazi mwenyewe, miwani puani. Akauliza kwa upole kama barua yangu ilimfikia kwa njiwa. Chumba kizima kikaangua kicheko. Akaongeza kwamba huko juu walikuwa kwenye mkutano wa video na tawi, na amewaacha wanasubiri aje awape habari za msiba.

Shemeji akaninong'oneza kwamba kwenye mfumo ule safu ya pili ni namba ya kupimia ukubwa wa mtandao. Mlango uko safu ya tatu. Alininong'oneza! Tusi la kunong'onezwa ndilo linalouma zaidi, kwa sababu huwezi kulijibu kwa kelele.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata! Kosa lilikuwa kuhesabu kutoka kushoto, kama kondoo. Hesabu kutoka kulia, chukua ya tatu. Wahasibu: mlango huo! Wachora majalada: mlango huo! Nikapiga meza hadi chai ikamwagika.

Nyumbani nikamwambia mke wangu kuwa Jumatatu nahamia chumba chenye dirisha. Akauliza kama nimejaribu na seva. Nikamweleza kuwa seva zilifaulu juzi, na aliyefaulu mtihani harudishwi darasani. Akasema haya baba, ila mpigie mdogo wangu, anataka kukusaidia. Nikasema msaada wa mshindani ni shimo lililofunikwa majani. Akasema shimo gani tena, mbona umeshaingia? Familia nzima iko upande mmoja!

Ijumaa, 7 Machi

Wahasibu: sawa. Wachora majalada: sawa. Mkurugenzi akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Nikajiona dirishani.

Seva: mlango 0. Si namba nne zenye nukta. Sifuri, basi, kavu kama jiwe.

Mkurugenzi akauliza mlango sifuri uko wapi. Nikamweleza kwa dakika kumi mchango wa sifuri katika ustaarabu wa binadamu. Akatazama saa. Shemeji akaiendesha yake: mifumo mitatu, jedwali moja, safi. Kisha, bila kuulizwa, akanitetea! Kwamba shemeji yake ndiye mwenye wazo la jedwali moja. Ni vile tu kwenye seva, safu ya tatu kutoka kulia ni hesabu isiyotumika na mtu. Nimepigwa, halafu nimepepewa.

Cheo amepewa yeye. Mimi niko chini yake kuanzia Jumatatu.

Jumamosi, 8 Machi

Mke wangu ananiambia nikubali yaishe. Nikubali nini? Programu yangu imesoma kilichoandikwa. Waulizwe walioandika!

Basi nasema nanyi, watengenezaji wa mifumo endeshi, popote mlipojificha. Nimefanya hesabu. Mlango uwe safu ya pili kutoka kushoto na, papo hapo, ya tatu kutoka kulia. Jedwali la safu nne, hata moja isizidi, kwenye kila kompyuta duniani. Programu yangu haina kosa. Ninyi ndio hamjaifikia. Jirekebisheni kesho, Jumapili mna nafasi. Jumatatu saa tatu asubuhi naiwasha tena mbele ya wote, na nisione sifuri.