Baba Ameruka Temeke

Baada ya Warusi kurusha chombo chao angani, Serikali ilitangaza kwa furaha kuu kwamba Tanganyika nayo itakwenda mwezini. Ungeundwa ukoo mzima wa roketi: Baba, Mama na Kitindamimba. Barabara ya kwenda Temeke ingesubiri kidogo.

Karani Revelian wa Idara ya Anga alilisoma tangazo hilo hadharani mpaka machozi yakamtoka. Aliamini kila neno, hasa lile la makarani wa Idara kupandishwa cheo.

Shamba la mihogo la Bernadeta, mjane aliyehamia Temeke kutoka Masasi, likateuliwa kuwa Kituo cha Kurushia. Revelian alimwendea pamoja na Bwana Mkurugenzi, Mwingereza aliyevaa kaptula iliyokakamaa kwa wanga.

"Shikamoo mama. Serikali inaliazima shamba lako."

"Marahaba. Mpaka lini?"

Revelian akatafsiri, Bwana akajibu.

"Mpaka Baba aruke."

"Na mie nile nini?"

Hilo Revelian hakulitafsiri. Alijibu mwenyewe: "Fahari."

Mihogo ikang'olewa, akasimamishwa Baba: bomba refu la bati lililopakwa rangi ya fedha. Siku ya kuruka wakubwa walikaa vitini, bendi ikapiga, baruti ikawashwa. Moshi ukatanda, watu wakakohoa. Ulipotawanyika, Baba alikuwa palepale, ameinama kidogo kama mtu anayetafuta kiatu.

Simu ya ushindi ilikuwa imeshapelekwa London tangu asubuhi. Bwana akanong'ona, Revelian akapaza sauti: "Baba ameruka! Yuko mbali mno, ndiyo maana hamumwoni!"

Watu wakalitazama bomba, wakawatazama askari, wakapiga makofi.

Kesho yake Bernadeta alikutwa akilima.

"Mama, hapa ni pa Serikali!" Revelian alihamaki.

"Si mlisema mpaka Baba aruke? Karuka, hakuruka?"

Revelian akamgeukia Bwana. Bwana akasema kwa Kiswahili chake mwenyewe: "Karuka."

"Haya, nipisheni nipande."

"Lakini hilo bomba," Revelian alisema kwa unyonge, "Bwana analihitaji. Bati la kumuundia Mama limekwisha."

Bernadeta akaliegemea. "Lenu liko juu. Hili nimelikuta shambani kwangu. Mkilitaka, mnunue."

Revelian alitafsiri polepole, asije akacheka. Bwana Mkurugenzi akatia mkono mfukoni.