Mukwe Asiyeshikana Mikono

Jumapili, 5 Juni 1983
Nimenawa kabla ya misa, baada ya misa, na katikati nikatoka. Padri kaniangalia vibaya. Ngozi inapasuka, sabuni inachoma, lakini kichwa kinasema: bado, Kyungu, bado! Na sasa Bolingo, mchumba wangu, kaniambia baba yake ataniona Jumamosi. Adjidan Bokungu, mkubwa wa askari kambini! Anashika mkono wa kila muntu, tena kwa nguvu. Halafu bukari, ugali wetu, sahani moja, vidole vya wote. Yesu wangu! Nikikataa, nimemkosa Bolingo. Kitwa fundi wa baiskeli naye anamtaka, anangoja tu niteleze. Mikono yake grisi tupu, na anasalimia nayo bila haya.

Alhamisi, 9 Juni
Nimepata! Kwetu Baluba, mukwe hamgusi mama mukwe, wala hali naye. Inajulikana. Minyi nitaongeza kidogo tu: hamgusi baba mukwe pia, wala shangazi, wala shemeji, mpaka ndoa. Bokungu ni muntu wa mkoa wa Équateur, mbali na kwetu, atajuaje? Akili ninayo!

Jumamosi, 11 Juni
Ushindi! Nimevaa abakosti, suti yetu isiyo na tai, nikasimama mlangoni mikono nyuma kama mkaguzi wa shule, nikaeleza desturi ya mababu. Bokungu akasema hii njo otantisite yenyewe, kurudi kwa mila zetu kama serikali inavyotaka. Nikapewa sahani yangu peke yangu! Kijiko changu! Kitwa alipita, nikampungia kwa mbali. Ila Bokungu anataka mzee wa familia yangu aje waongee.

Jumamosi, 18 Juni
Aibu! Baba mudogo Banza alikuja na treni, ametoka Kinkondja na samaki wakavu. Nilitaka kumpokea stesheni nimfundishe la kusema. Lakini nilikuwa nanawa. Kichwa kikasema bado, bado, na treni ikafika. Banza akaenda moja kwa moja kwa Bokungu. Namkuta ameshashika mikono ya nyumba nzima, anakula sahani moja na adjidan! Walipomuuliza kuhusu desturi yetu alicheka mpaka akapaliwa. Bokungu akasema nimedharau mikono ya nyumba yake, nitoke. Bolingo alinifuata barabarani anigombeze. Akaninyakua mikono, akaona damu kwenye vidole. Akavifunga kwa kitambaa chake.

Jumanne, 21 Juni
Bolingo kanipeleka kwa munganga wa hospitali. Akaniuliza kama najua mikono iko safi. Ndiyo, najua. Akauliza: sasa unaosha nini? Machozi yakanitoka, nikasema ni moshi. Mle ndani hamkuwa na moto. Munganga akasema si uchawi wala wazimu, ni ugonjwa wa wazo moja kung'ang'ania kichwani, Kifaransa wanauita névrose obsessionnelle, na dawa iko. Kidonge kila jioni, nafuu inakuja polepole, nisiache mwenyewe. Na nijizoeze kushika vitu bila kukimbilia maji.

Jumatano, 22 Juni
Muuguzi alimimina vidonge kwenye kiganja chake. Kiganja! Nimeviosha kwa sabuni. Vimekuwa uji. Bolingo kaenda kuomba vingine. Sasa anavitunza yeye, na ananisimamia nikimeza, mdomo wazi, kama kuku mgonjwa.

Jumapili, 28 Agosti
Mdomo mkavu, choo kigumu, lakini kichwa kimepunguza kelele. Bado kinasema bado. Siku nyingine sikijibu. Leo nilimwomba Bokungu msamaha. Bolingo alikuwa ameshamweleza ugonjwa. Akaninyooshea mkono. Nikaushika! Tukala bukari sahani moja. Akasema harusi iko. Bolingo akalia, na minyi nikalia, safari hii bila kusingizia moshi.

Jumamosi, 3 Septemba
Matatizo! Bokungu kasema kwa kuwa mikono imepona, njo minyi nitasafisha samaki wa harusi. Gunia zima! Nani anapenda harufu ile? Nikamweleza kwa heshima kwamba kwetu Baluba, mukwe hagusi samaki mpaka apate mutoto wa kwanza. Akaniangalia sana, akaitika tu. Akili ninayo! Nimejilalia, raha mustarehe. Samaki wanafika na treni ya leo, baba mudogo Banza anawaleta. Bokungu mwenyewe amekwenda stesheni kumpokea.